Kuongoza timu katika vita vya bunduki za maji

Katika vita vya bunduki za maji, timu inayoloweshwa kupita zote mara nyingi si ile yenye bunduki dhaifu. Ni ile ambayo watu wake wote waliishiwa maji kwa wakati mmoja, wakatimua mbio kuelekea kwenye ndoo kwa mkupuo, na wapinzani wakawafuata huko huko. Kazi yako ya kwanza kama kiongozi ni kuzuia hali hiyo isiwapate watu wako, na kuitambua mapema inapowapata wengine. Shabaha inakuja baadaye. Mwongozo huu ni wa kiongozi wa timu ya watu 4 hadi 10, wakubwa kwa watoto.

Hatua ya 1: Malizeni kanuni kabla ya kujaza maji

Kutana na kiongozi wa timu pinzani, mkubaliane kwa sauti huku wachezaji wote wakisikia. Jambo la kwanza ni aina ya mchezo, maana mpango wako wote utasimama juu ya hilo. Katika mchezo wa kutolewa, anayepigwa anakaa pembeni hadi raundi iishe. Katika kukamata bendera, anayepigwa anarudi kambini kwake, anahesabu hadi 30, kisha anaingia tena. Katika mchezo wa muda, filimbi ya mwisho ikipigwa mnaangalia ni timu ipi imelowa kidogo. Kama kuna watoto wadogo, chagueni bendera. Katika mchezo wa kutolewa mtoto wa miaka saba hutolewa dakika ya pili, akashinda amekaa akitazama wenzake.

Jambo la pili ni namna ya kujua nani amepigwa. Ugomvi mwingi huanzia hapa. Fulana ya kijivu cha mpauko huonyesha doa la maji papo hapo, wakati nyeusi na nyeupe huficha. Njia nyingine ni kubandika kipande cha tishu cha ukubwa wa kiganja kifuani kwa selotepu. Kikilowa na kuchanika, umetoka. Kibandikwe juu ya nguo kavu, mbali na ngozi, kwa sababu jasho la dakika kumi za kukimbia linatosha kukichana bila adui kukugusa.

Jambo la tatu husahaulika sana: je, mtu anayejaza maji anaweza kushambuliwa? Kama ndiyo, itabidi utenge mlinzi. Kama hapana, chora duara la hatua tatu kuzunguka ndoo na muweke kikomo cha sekunde 20 kwa kila anayeingia, la sivyo watu watageuza duara hilo kuwa maficho.

Kuna kanuni nyingine ambazo hazijadiliwi, wewe kama kiongozi unazisimamia hata zikikugharimu raundi. Hakuna kulenga uso, hasa ndani ya mita tatu, kwa kuwa bunduki yenye mgandamizo mkubwa inaweza kujeruhi jicho. Hakuna kuchanganya kitu chochote kwenye maji, iwe sabuni, pilipili, rangi au barafu. Hakuna kumpiga mpita njia asiyecheza. Mtu yeyote akisema "Simama!" kila mmoja anashusha bunduki, bila kuuliza sababu.

Hatua ya 2: Utembelee uwanja kwa miguu

Zunguka uwanja mzima ukiangalia vitu vinne: maji yako wapi, kinga ziko wapi, jua liko upande gani, na upepo unatoka wapi.

Upepo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mkondo wa maji ukishatoka kwenye bunduki hukatika na kuwa matone, na matone madogo hupoteza kasi haraka hewani. Ukipiga kuelekea kwenye upepo, sehemu ya maji yako inarudi kuwa manyunyu usoni mwako na umbali unapungua waziwazi. Kwa hiyo, mkipewa nafasi ya kuchagua upande, chagua ule ambao upepo unatoka nyuma yenu. Jua likiwa chini, asubuhi au alasiri, liwe mgongoni kwenu pia. Vitu hivyo viwili vikipingana, fuata upepo.

Kinga nzuri ni ile inayomficha mtu kutoka magotini hadi kichwani na yenye njia mbili za kutokea. Ukuta wenye kona moja tu ni mtego: mpinzani mmoja akishika ile kona, aliyejificha nyuma yake hana pa kwenda. Miti yenye shina jembamba huziba macho ya adui kwa muda mfupi tu, haizuii maji.

Pia angalia ardhi. Vigae, saruji laini na ngazi huteleza vikilowa, na mipaka ya uwanja iviache nje. Kamba za nguo zilizoning'inia usawa wa shingo ziondolewe. Ndoo au beseni lenye maji lisiachwe bila mtu mzima karibu ikiwa kuna watoto wachanga au wanaojifunza kutembea. Mtoto wa umri huo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache.

Hatua ya 3: Ijue kila bunduki ya timu yako

Wakusanye watu wako, kila mmoja aweke bunduki yake chini. Utakuta zinaangukia kwenye makundi manne.

Bastola ndogo hutoa mpigo mdogo kila unapobonyeza kifyatuo. Hufika mita 3 hadi 5, ni nyepesi, na inafaa kwa mtu anayenyemelea au kulinda bendera kwa karibu.

Bunduki ya bomba hufanya kazi kama sirinji: unachovya mdomo wake ndani ya maji, unavuta mpini, kisha unasukuma. Hujaa kwa sekunde mbili au tatu, hufika mita 8 au zaidi, lakini ikishasukumwa imekwisha. Mwenye bunduki hii akae karibu na ndoo. Ukimpeleka mbele umempoteza.

Bunduki ya mgandamizo wa hewa ndiyo iliyobadilisha mchezo huu. Mhandisi Mmarekani Lonnie Johnson ndiye aliyeibuni, ikaanza kuuzwa mwaka 1990 na mwaka uliofuata ikapewa jina la Super Soaker. Unapiga pampu, hewa inabanwa, na hewa hiyo iliyobanwa ndiyo inayosukuma maji nje kifyatuo kinapofunguliwa. Ukielewa hilo, utaelewa kosa ambalo karibu kila timu hulifanya: kujaza tangi mpaka pomoni. Katika bunduki ambazo hewa na maji hukaa kwenye tangi moja, tangi lililojaa kabisa halina nafasi ya hewa ya kubana, kwa hiyo mkondo unaanza kwa nguvu na kufa ndani ya sekunde moja. Acha robo ya tangi hadi theluthi moja ikiwa tupu. Maji kidogo yenye nguvu yanashinda maji mengi yanayodondoka miguuni.

Kundi la nne ni bunduki za betri. Hazichoshi mkono na mpigo wake haubadiliki, ila betri ikiisha katikati ya raundi hakuna ujanja. Zichajiwe usiku uliotangulia.

Sasa pima umbali, kila bunduki peke yake. Simama kwenye ardhi kavu, piga mara tano ukiinua mdomo wa bunduki nyuzi 30 hadi 40 kutoka usawa wa ardhi, kisha nenda ukaangalie ni wapi ardhi imelowa sana. Usidanganyike na tone lililofika mbali kuliko yote. Sehemu iliyolowa sana ndiyo umbali wa kweli wa bunduki ile. Mwenye bunduki apige hatua kutoka alipopigia hadi pale na akariri idadi: "Yangu ni hatua tisa." Mchezaji anayejua namba yake hapotezi maji kwa adui aliye hatua kumi na tano.

Bunduki isipopiga vizuri, chanzo kwa kawaida ni kimojawapo cha hivi:

- Mkondo unatoka ukikatikakatika: kuna hewa kwenye mrija. Elekeza mdomo juu, piga pampu taratibu mara kadhaa mpaka maji yatoke bila kukatika.
- Mkondo unapinda au unatawanyika: mchanga umekaa kwenye tundu. Suuza kwa maji safi. Usichokoe kwa msumari au sindano, utapanua tundu na halitarudi kuwa sawa.
- Pampu inapigika kirahisi bila ukinzani: hewa inavuja, mara nyingi kifuniko hakijakaza au mpira wa duara ulio ndani yake umetoka au umekauka. Urudishe, ukiweza upake grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya kujipaka ya petroli yasitumike, kwa sababu aina nyingi za mpira hulegea na kuharibika kwayo.
- Maji yanavuja kwenye maungio hata kabla ya kupiga: plastiki imepasuka. Iweke kando, usiipige pampu kwa nguvu ukitarajia itapona.

Vifuniko vya matangi vifungwe kwa uzi kwenye bunduki. Kifuniko kikidondoka kwenye majani marefu, bunduki nzima imetoka vitani.

Hatua ya 4: Gawa kazi kwa mwili wa mtu, si kwa umri wala urafiki

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Bunduki ya lita mbili ikijaa, ukijumlisha na plastiki yake, inapita kilo mbili, na mtoto hawezi kukimbia nayo kwa robo saa. Mpe mtoto bunduki ndogo na miguu yake iwe silaha. Watu wazima wenye mikono imara wabebe zile nzito.

Kwa timu ya watu wanane mgawanyo huu unafanya kazi: watatu mbele ya katikati wenye bunduki za umbali mrefu, wawili wa ubavuni wenye bunduki nyepesi, mlinzi mmoja wa kambi mwenye bunduki ya bomba, mtu mmoja wa maji, na wewe. Mkiwa wanne, msisambae. Tembeeni wawili wawili, na kazi ya maji ipokezanwe.

Mtu wa maji si kazi ya kumpa asiyejua kucheza. Anahitaji kuwa mtulivu, maana ndiye anayejua ndoo imebaki kiasi gani na nani anakuja kujaza.

Nawe kiongozi kaa nyuma kidogo ya wale watatu wa mbele, mahali unapoona pande zote mbili za uwanja. Kiongozi anayekaa mstari wa kwanza akifyatua huona mtu mmoja tu, yule anayempiga.

Hatua ya 5: Panga maji

Fanya hesabu mapema. Watu wanane, kila mmoja na tangi la lita moja, raundi ya dakika 20, kila mtu akijaza mara nne: lita 32. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya maji yanayomwagika, unafika kwenye lita 43 hivi. Hizo ni ndoo mbili za lita 20 zilizojaa na nyingine ndogo ya akiba. Usitegemee kujaza bombani moja kwa moja, kwa sababu watu watapanga foleni, na foleni ya watu wenye matangi matupu ndiyo karamu ya adui.

Ndoo moja iwe kambini, ya pili iwe mbele zaidi, nyuma ya kinga, karibu nusu ya njia kuelekea katikati ya uwanja. Ziwe pana kiasi cha kuzamisha tangi zima. Tangi lenye mdomo mpana huzamishwa na kujaa ndani ya sekunde chache. Lenye mdomo mwembamba hutoa mapovu na kukawia, hivyo linahitaji faneli au chupa za plastiki za nusu lita zilizojazwa tayari. Chupa mbili za namna hiyo kwenye mfuko wa mgongoni humwezesha mtu wa ubavuni kujijazia alipo bila kurudi nyuma. Maji yawe safi na yasiwe na mchanga. Ya baridi ya kawaida yanatosha. Maji ya moto hayaingii kwenye bunduki kamwe.

Kisha wafundishe kanuni moja, na uirudie mpaka waichoke: unarudi kujaza tangi likibaki robo, siyo likiisha. Ile robo iliyobaki ni ya kujilinda njiani. Anayeondoka anasema "Robo!" kwa sauti, na mwenzake wa karibu anajua kwamba hawezi kuondoka mpaka huyo arudi. Kila mtu ana mwenzake mmoja aliyetajwa kwa jina kabla ya mchezo. Wawili hao hawajazi pamoja hata kidogo.

Watu hulivunja hili dakika ya kwanza. Msisimko unapanda, kila mtu anashikilia kifyatuo, na ndani ya nusu dakika matangi yote yamekauka. Dawa yake ni kuwazoesha mipigo mifupi: fungua kifyatuo kwa muda wa kutamka "moja", funga, tazama, fungua tena. Mkondo mrefu hautii maji mengi zaidi mwilini mwa adui, kwa sababu akishaguswa anasogea, na kinachofuata kinaangukia ardhini.

Hatua ya 6: Maneno matatu na dakika kumi za mazoezi

Amri zisizidi tatu, kwa kuwa mtu anayekimbia huku amelowa hakumbuki ya nne. "Mbele" maana yake wote mnasonga. "Rudi" maana yake mnarudi hadi kinga iliyo nyuma yenu, mkitazama mbele. "Robo" mmeshaijua. Ukitaka kumwelekeza mtu mmoja, taja jina lake kwanza halafu amri. Ukianza na amri, timu nzima itaitii. Kwa watu wa ubavuni, ambao hawatakiwi kujulikana walipo, tumia mkono: ngumi juu ni subiri, mkono ukishushwa ni nenda.

Fanyeni mazoezi haya bila adui:

1. Kubadilishana: mmoja anapiga, mwenzake anajaza na kurudi, kisha wanabadilishana. Rudieni mara tatu. Lengo ni mkondo wa wawili hao usikatike.
2. Kuruka kinga: mmoja anapiga huku mwenzake anakimbilia kinga inayofuata, kisha yule aliyefika anapiga ili wa nyuma naye asogee. Anayekimbia asipite mbele ya anayepiga.
3. Kurudi nyuma: sema "Rudi" ghafla uone ni nani anageuza mgongo. Anayegeuka na kukimbia ndiye anayeloweshwa wa kwanza.

Hatua ya 7: Mwachie adui dakika ya kwanza

Filimbi ikilia, watu wako wakimbilie kinga za mbele na wakae. Wasipige isipokuwa adui ameingia ndani ya hatua zao. Timu pinzani isiyo na mpango itakuja ikipiga kelele na kumwaga maji kutoka mbali. Waache wamwage. Watu wako wachungulie na kujificha, wabadilishe upande wa kuchungulia, ili adui aendelee kushawishika kupiga.

Masikio yako yawe wazi. Bunduki ya mgandamizo inapokaribia kuisha hubadilika sauti: mkondo unaanza kutema hewa na kukoroma. Ukiona pia mtu anapiga pampu mara nyingi mfululizo bila kufyatua, nguvu imemwishia. Ukiwaona wapinzani wawili wanarudi nyuma kwa wakati mmoja, huo ndio mwanya. Sema "Mbele", shusha mkono kwa watu wa ubavuni, na msukume wote.

Shambulio la ubavuni hufaulu kama katikati hawanyamazi. Wale watatu wa mbele waongeze mipigo hasa wakati huo, ili macho ya adui yabaki kwao, huku wawili wakizunguka kwa mwendo wa kuinama, nje ya mstari wa macho. Wakishafika ubavuni wasipige mtu wa karibu. Wampige yule wa nyuma kabisa, au mtu wa maji wa adui. Akipigwa wa nyuma, walio mbele hugeuka, na migongo yao inabaki kwenu.

Kwenye kukamata bendera, aliyeibeba hapigani. Akabidhi bunduki au aibebe imefungwa, akimbie, na wawili wakimbie kushoto na kulia kwake hatua mbili nyuma. Ni vigumu kwa mtu mwenye bendera kuiacha fursa ya kumlowesha anayemfukuza, na bendera nyingi hurudishwa kwa sababu hiyo.

Mkizidiwa idadi, msijaribu kushika uwanja wote. Rudini kwenye kinga mbili zinazotazamana pembeni, ili yeyote anayeshambulia moja apigwe kutoka ya pili. Lindeni ndoo, na muwaache watu wengi wa adui wamalize maji yao wakiwa wazi.

Baluni za maji zinafaa kwa kitu kimoja: kumtoa mtu nyuma ya ukuta ambao mkondo haufiki. Rusheni juu kwa upinde, msizirushe kwa nguvu moja kwa moja mwilini, na mchezo ukiisha kila kipande cha mpira kiokotwe, kwa kuwa watoto wadogo na wanyama huweza kusongwa nacho.

Hatua ya 8: Mambo yanapoharibika

Timu ikitawanyika na kila mtu akapigana kivyake, usipige kelele za amri nyingi. Sema "Rudi" mara moja na wewe mwenyewe urudi kambini, watakufuata. Jazeni wote mkiwa mmezunguka ndoo, mlinzi akitazama nje, halafu muanze upya.

Mchezaji anayekimbilia mbele kila mara bila kusikia, usimgombeze mbele ya wenzake. Mpe kazi ya ubavuni, ambako hamu yake ina matumizi, na umpe mwenzake mtulivu.

Mtu akipigwa jichoni, "Simama!" itamkwe mara moja. Asisugue jicho. Lisuuzwe taratibu kwa maji safi, na kama maumivu, ukungu wa macho au wekundu hauishi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayetetemeka kwa baridi anatoka uwanjani, anavua nguo zilizolowa na kujikausha. Watoto hupoteza joto haraka kuliko watu wazima. Kwenye jua kali tatizo ni kinyume chake: watu waliolowa hawahisi kiu wala jua linavyowaunguza, kwa hiyo kila baada ya raundi wote wanywe maji, na si yale ya kwenye ndoo ya bunduki.

Hatua ya 9: Kati ya raundi, na baada ya mchezo

Pumziko liwe dakika tano. Jaza ndoo kwanza, ndipo mzungumze. Uliza maswali mawili tu: nani aliishiwa maji, na nani alipigwa kutoka upande asioutazama? Majibu ya swali la kwanza yanakuambia ndoo ya mbele isogezwe wapi. Ya pili yanakuonyesha njia ambayo adui ataitumia tena. Badilisha angalau kitu kimoja, hasa upande mnaoshambulia, kwa kuwa sasa na wao wamewasoma.

Mchezo ukiisha, kila bunduki ifyatuliwe mpaka mgandamizo wote utoke, maji yamwagwe, kisha ipigwe pampu mara chache ikiwa tupu ili yatoke yaliyobaki kwenye mirija. Ianikwe kivulini kifuniko kikiwa wazi na mdomo ukitazama chini, kwa sababu jua la muda mrefu hufanya plastiki iwe rahisi kuvunjika, na maji yaliyofungiwa ndani huota ukungu. Betri zitolewe. Maji yaliyobaki kwenye ndoo yamwagiwe mimea, na ndoo zigeuzwe chini juu kabla mtu wa mwisho hajaondoka uwanjani.